Nyonga Mpya Katika Nyumba ya Mkwe

Wewe uliyekalia upande mmoja kwenye benchi la hospitali kwa sababu upande wa pili haukaliki, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi ni Bhoke, mjane wa Machochwe, mkulima wa mahindi na wimbi, darasa la saba la zamani. Udaktari siujui. Usiniulize saratani inatoka wapi, maana hata walionipasua nilipowauliza walizungukazunguka. Nitakuambia tu nilivyokaa, nilivyolala, na nilivyokaribia kuharibu kila kitu kwa ubishi, hatua kumi kutoka kwa mtu aliyeweza kunisaidia.

Ilianza nyumbu walipofika. Huku kwetu ukingoni mwa hifadhi huhitaji kuwaona ndipo ujue wamekuja. Unaamka alfajiri, unasikia ng'ambo ya vichaka kitu kinaguna, mm, mm, mm, kama umati wa watu waliokubaliana jambo. Asubuhi ile niliamka nikasikiliza, na katikati ya ule mguno nikausikia mguu wangu wa kulia. Haukuuma sana. Ulikuwa unaniita tu, toka ndani kabisa ya nyonga.

Titi la kushoto nilikuwa nimeshaliacha Mwanza miaka minne nyuma. Nilitibiwa, nikapewa vidonge vya kumeza kila siku, nikarudi shambani, na siku zingine nilisahau kabisa kwamba niliwahi kuumwa. Kwa hiyo nyonga ilipoanza nikasema ni uzee. Nikasema ni jembe. Nikajikanda maji ya moto na chumvi, nikapaka dawa za kuchua hadi nyumba nzima ikanuka. Siku tuliyoanza kuvuna mahindi nikainama, nikashika bua, nikataka kuinuka, mguu ukakataa. Nilibaki nimeinama pale hadi jirani akaja kunishika. Jamani, mtu mzima kushikwa kiuno katikati ya shamba lake mwenyewe!

Robhi, binti yangu pekee, aliyeolewa Turwa pale Tarime mjini, akaja akanichukua. Tulianzia hospitali ya mjini, wakatuelekeza Mwanza, kwenye hospitali ileile iliyonitibu titi. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Aliinua picha yangu ya eksirei akaielekeza dirishani.

"Mama, umewahi kuona hindi lililoingiliwa na dumuzi?"

"Mimi ni mkulima, baba. Usinifundishe dumuzi."

"Basi mfupa wako hapa uko hivyo. Kwa nje unaonekana mzima, ndani ni unga."

Akanieleza kwamba ile saratani ya titi ilikuwa imesafiri kimyakimya, ikaja kukaa kwenye kikombe cha nyonga, pale mfupa wa paja unapozungukia. Alitaka kupakwangua palipooza, apitishe vyuma, ajaze saruji, kisha aweke kikombe kipya.

"Saruji? Hii ya kujengea?"

"Ya mifupa, mama. Lakini kazi ni ileile."

"Na nitapona?"

Akavuta kiti akakaa. Nilimpenda kwa kile kitendo cha kukaa. "Ugonjwa hatuumalizi," alisema. "Dawa zitautuliza kadiri zitakavyoweza, na sijui ni muda gani. Kwa upasuaji huu tunachokurudishia ni mguu."

Nikamwambia anipe huo mguu. Nyumba yangu Machochwe iko mbali kidogo na barabara, kuna njia nyembamba inapita kwenye migomba halafu inapanda kilima. Nilimwambia nataka kuipanda njia ile kwa miguu yangu, kutoka barabarani hadi mlangoni. Watakaponibeba kuingia pale, niwe nimeshakufa. Robhi akaanza kulia. Daktari akaandika kitu kwenye faili, sijui aliandika nini.

Kungoja ndiyo kazi kubwa ya mgonjwa, na hakuna anayekufundisha. Mimi nilifundishwa na mama mmoja Mjaluo wa Rorya, aliyekuwa akingoja mionzi ya mgongo. Alinionyesha kukunja khanga mara nne na kuiweka chini ya tako moja tu, lile zima, ili lile bovu lining'inie. Akaniambia, "Dada, ukienda chooni usiage. Ukiaga watakukalia nafasi. Wewe acha kiatu kimoja kwenye benchi, nenda." Tulicheka hadi nesi akatutolea macho. Siku saba tulikaa benchi moja, viatu vyetu vikitulindia nafasi, na jua la Mwanza likiingia kwa mlango mmoja asubuhi na kutokea kwa mwingine jioni. Sijui kama bado yuko. Jina lake ninalo, namba yake ya simu ninaogopa kuipiga.

Waliponipasua sikuona chochote cha kusimulia, ila niliota. Nilikuwa natembea katika shamba la wimbi lisilo na mwisho, miguu haigusi chini. Mama yangu, aliyekufa zamani, alikuwa amepiga magoti anasaga kwenye jiwe, na hakunitazama. Mahali fulani nyundo ilikuwa inagonga, ko, ko, ko, taratibu. Nikajiambia, ah, ni mkwe wangu huyo, mume wa Robhi, anatengeneza kitanda cha mtu. Nikaendelea kutembea. Baadaye nilimuuliza daktari kama walitumia nyundo kweli. Akacheka, hakukataa.

Nilipoamka mguu ulikuwa mzito na wa mtu mwingine. Mshono ulishuka kutoka kiunoni hadi karibu nusu ya paja. Siku ya pili walinisimamisha na woka, kile kifremu cha chuma cha kushikia, nikatembea hatua tatu nikatapika. Siku ya tano nikafika dirishani, nikaliona ziwa limelala tu pale, halina habari na mtu. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Halafu yakaja makatazo. Usikunje nyonga sana. Usipishanishe miguu. Lala na mto katikati ya magoti. Usichuchumae kamwe. Mtu wa kwetu akikatazwa kuchuchumaa, amekatazwa choo, amekatazwa jiko la mafiga, amekatazwa shamba. "Kikombe kikichomoka," daktari alisema, "mfupa uliobaki hautoshi kushika kingine. Hatutakuwa na pa kuanzia." Hilo nililibeba moyoni kutoka Mwanza hadi Tarime.

Machochwe sikuweza kurudi. Choo ni cha shimo, kitanda kiko chini, na mimi ninaishi peke yangu. Ilibidi nikae kwa Robhi. Hapa ndipo wewe usiye wa kwetu unisikilize vizuri. Kwa Robhi ni kwa mume wake, na sisi Wakurya, kwa jinsi nilivyolelewa mimi, mama mkwe hakai nyumba moja na mkwe wake wa kiume. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye nyasi. Jina lake hulitaji. Ni ensoni, ile haya ya mkwe, na haina uhusiano na chuki. Wengine huokolewa na mjukuu, unaita Baba Fulani, mambo yanakwisha. Robhi alikuwa hajajaliwa, kwa hiyo miaka sita mtu yule kwangu hakuwa na jina. Nilikuwa nikisema "mwenye nyumba yako".

Nilimpigia simu kaka yangu mkubwa kumuuliza. Nikamsikia anakuna kichwa. "Nenda," akasema, "lakini kaa kwa adabu." Sasa huo ni uamuzi gani? Mtu anayewekewa beseni chini ya matako atakaa kwa adabu vipi?

Nilipofika nilikuta ameshatayarisha. Mkwe wangu ni fundi seremala, karakana yake iko uani. Alinipa chumba cha mwisho chenye mlango wake wa nje, nisipite sebuleni kwake. Alinyanyua kitanda kwa magogo manne. Akatengeneza kiti chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya ndoo, kwa ajili ya haja. Nilikikalia, na miguu ilifika chini sawasawa, nyonga haikukunjwa hata kidogo. Nikamuuliza Robhi amejuaje urefu wa miguu yangu, maana hajawahi hata kunitazama vizuri. Robhi akacheka. "Alinituma nimletee kigoda chako cha Machochwe. Akakipima kilivyochakaa, akaongeza."

Tuliishi hivyo. Akitaka kupita mbele ya mlango wangu alipiga mluzi kwanza, mimi nikageukia ukutani. Kulikuwa na tetea mmoja mwekundu, mtundu, aliyezoea kuingia chumbani kwangu, na mkwe wangu akamfanya mjumbe. Robhi akiwa sokoni kuuza nyanya zake, nilisikia sauti nje: "Wewe kuku, mwambie mama uji uko hapo mlangoni, umefunikwa." Nami nilijibu: "Kuku, mwambie aliyekutuma nimeshukuru." Kuku mwenyewe anadonoa tu. Mchezo huo ulinifurahisha kuliko dawa zote za maumivu. Zile dawa zilinifanya nielee. Kulikuwa na mchana mrefu ambapo sikujua kama ninasikia mvua ya vuli juu ya bati au nyumbu wa Machochwe, na sikutaka kujua.

Robhi ndiye aliyechoka. Alinikanda, alinigeuza, alifua, alikimbia sokoni, akirudi anakuta kila mmoja ana neno la kumpa mwenzake. Siku moja akalipuka. "Mnanichosha! Mimi ni barabara ya kupitishia maneno? Mama, mtu huyu analala macho wazi anasikiliza kama unakohoa. Na wewe hata jina lake hutaki!" Nilimwambia adabu haijaanza na yeye wala haitaisha na yeye. Hatukusemeshana siku mbili. Mwili wangu ulikuwa mikononi mwake na mdomo wangu ulikuwa bado na nguvu hizo. Nisamehe, mwanangu, sikukuambia kwa mdomo, ndiyo maana nimeandika.

Mvua za vuli zikaisha. Mionzi nikaimaliza kwa kurudishwa Mwanza, siku tano mfululizo, na kila wiki nne nikawa nachomwa dripu ya kuimarisha mifupa. Nilikuwa nimeshachomwa mbili. Niliweza kutembea na woka hadi mlangoni na kurudi.

Siku hiyo Robhi alikwenda msibani Sirari. Alimwomba mama jirani anikalie. Jirani akaja, akakaa kidogo, nikaona anatazama saa kwa ajili ya chakula cha wanawe. Nikamwambia, "Nenda zako, mimi ni mzima." Hayo ndiyo maneno ya kijinga kuliko yote niliyowahi kusema, na nilishasema mengi.

Robhi alikuwa ameanika wimbi kwenye mkeka karibu na mlango wangu wa nje, mahali panapopigwa na jua. Yule tetea akaingia. Nikasema shii. Akaendelea kula. Nikainuka, nikashika woka, nikaenda kumfukuza, mguu mmoja wa woka ukakanyaga wimbi. Wimbi ni punje ndogo sana, zinateleza kama shanga. Woka ikaenda zake na mimi nikaenda zangu.

Nilianguka upande wa kushoto, ule mzima. Nililala juu ya sementi, mguu wa kulia juu. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia woga. Kimetoka? Hakijatoka? Nilijua jambo moja tu, kwamba nisiujaribu.

Na nje, hatua kumi, msumeno ulikuwa unakata mbao. Nilimsikia anasimama, anapuliza vumbi, anapiga mluzi wake, anaendelea. Ningeita tu. Lakini ningemwita nani? "Mwenye nyumba" huwezi kupaza sauti, ni neno la kumwambia mtu wa tatu. Na gauni langu lilikuwa limepanda hadi kwenye mshono. Mama mkwe chini, mapaja nje, amwite mkwe wake? Nikalivuta gauni kwa vidole viwili, likagoma.

Nikalala. Jua lilikuwa kwenye kona ya mkeka. Nikasema, jua likifika kwenye ukuta Robhi atakuwa amerudi. Sementi ilikuwa baridi, na ile baridi ikawa tamu. Wimbi lilikuwa karibu sana na jicho langu, punje mojamoja, kubwa, nyekundu, nikaingia tena katika lile shamba lisilo na mwisho. Mama alikuwa bado amepiga magoti anasaga. Safari hii aligeuka. Alikuwa na uso wa kukasirika, ule wa kuniona nimelala wakati wengine wako shambani. Kuku alikuwa anakula unga wake na hakumfukuza.

Nilizinduka, jua limeshapita katikati ya mkeka. Kuku alikuwa kando ya kichwa changu. Nikamwambia, kweli kabisa, sikuwa na utani: "Kuku, mwambie nimeanguka. Mwambie aje." Akanitazama kwa jicho moja. Akatoka nje, akaenda zake.

Hapo nikalia. Nikawaza, basi nijivute mwenyewe hadi kitandani, nishike mguu wa kitanda, nijiinue. Nikakunja goti. Ndani ya nyonga kitu kikasogea, kidogo tu, kama kikombe kwenye kisahani chake. Nikaiona njia yangu ya Machochwe, migomba, kilima, mlango, na watu wanne wakinibeba kwenye kitanda na mimi macho yamefunguka.

Nikaita. Niliita jina lake, na la baba yake nikaliongeza, kwa sauti ya kufukuzia tembo shambani.

Sauti ya msumeno ikakatika. Alifika mlangoni kabla sijafunga mdomo, akasimama pale pale, amegeuzia uso wake fremu ya mlango. Mtu mzima huyo, vumbi la mbao hadi kwenye kope.

"Kuku," akasema, "muulize mama anaumia wapi."

"Kuku katoka!" nikamfokea. "Ingia, mura, kijana wangu, nimeanguka!"

Akaingia. Alivua koti lake la kazi akanifunika miguu, na alifanya hivyo akitazama dari. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakuniinua. Alichukua mto kitandani akauweka katikati ya magoti yangu, taratibu, kama alivyofundishwa Robhi na mtaalamu wa mazoezi. Kumbe kila mara Robhi alipokuwa akinielekeza chumbani, yeye alikuwa nje ya dirisha anashika kila neno. Akarudi karakana, nikasikia bisibisi, akaja na mlango. Mlango mpya wa mteja, bado una harufu ya mninga. Akaulaza kando yangu, akaita majirani wawili wanawake, wakaniviringisha juu yake kwa shuka bila kuukunja mguu hata kidogo. Walinifunga kwa vitenge vitatu. Nilipelekwa hospitali ya mjini nimelala juu ya mlango wa mtu, kwenye gari la kubebea mbao, mkwe wangu amekaa kando yangu ameushika mguu wangu kwa mikono yote miwili njia nzima. Hakuna aliyegeuka ukutani.

Eksirei ikapigwa. Tulingoja. Nilimwona anaomba, midomo inacheza. Daktari akatoka, akasema kikombe kipo mahali pake. "Lakini ungejaribu kuinuka peke yako, mama, leo tungekuwa tunazungumza mengine." Mkwe wangu akaenda nje. Robhi, aliyekuwa amefika mbio na nguo zake za msibani, akasema amemkuta amechuchumaa nyuma ya ukuta analia kwa kwikwi.

Kaka yangu alipopata habari alikuja mwenyewe kutoka Machochwe. Nilitegemea makubwa. Alikunywa chai, akaulizia bei ya milango, kisha akasema, "Jina likishatoka halirudi mdomoni. Mpe blanketi, naye akupe mbuzi, tule, tuyaache." Tukala yule mbuzi. Tetea mwekundu hakuguswa, ana kinga yangu hadi leo, na bado ni mwizi.

Masika yakapita. Dripu ya sita, ya saba. Nywele zangu zilikuwa nyembamba lakini zangu. Woka ikawa magongo mawili, magongo yakawa gongo moja. Sitakudanganya: ugonjwa upo. Picha ya mwisho inaonyesha umelala. Ninameza vidonge, ninalala mchana, kuna siku ninaamka nimechoka kama sikulala. Wewe uliye kwenye benchi, kunja khanga yako mara nne, acha kiatu. Na mtu akiwa hatua kumi kutoka kwako, usitume kuku.

Nyumbu waliporudi nikasema twende. Gari likatushusha barabarani. Robhi alitangulia na mizigo. Nilisimama mwanzo wa njia, gongo mkononi, nikasikiliza ng'ambo ya vichaka. Mm, mm, mm. Nikapiga hatua. Nyuma yangu nikasikia nyasi zinasuguana, nikageuka. Mkwe wangu alikuwa ametoka njiani, amesimama kwenye umande, ametazama pembeni, ananiachia njia kama ilivyo desturi.

Nikamngoja. Njia ni nyembamba, lakini watu wawili wakibanana wanatosha.

"Marwa," nikamwambia, "toka huko kwenye nyasi. Tembea hapa."